Njia ya mwongo fupi: usiku wa wachumba wawili Milima ya Uluguru

Jamaa alikuwa na pete mfukoni. Hilo liwekwe wazi tangu mwanzo, maana bila kulijua hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alikaa juu ya jiwe mlimani mpaka saa 12:20 jioni akisubiri jua litoke kwenye wingu, wakati kila mwenye shamba maeneo yale alishabeba jembe lake na kurudi nyumbani.

Yeye ni fundi simu, Kariakoo. Mchumba wake anauza mitumba Karume, nguo za watoto. Wako pamoja mwaka wa tatu sasa. Mtaani kwao watu wanawatolea mfano: hawagombani hadharani, hawarushiani mafumbo mtandaoni, ukimuona mmoja ujue mwingine hayuko mbali. Ila kila mmoja alikuwa na kauongo kake kadogo anakatunza, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake naye anako.

Ka jamaa kalianzia kwenye video. Aliona watu wamesimama juu ya Milima ya Uluguru, mji wa Morogoro wote uko chini ya miguu yao, bwawa la Mindu linang'aa kwa mbali, jua linazama, mwanamke analia na pete iko kidoleni. Akasema hapo hapo. Tena tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Morogoro mwezi wa 6 mwaka 2024, Moro imekuwa kama jirani, unapanda asubuhi na baada ya kama saa 2 umeshuka. Mchumba alipomuuliza, "Huko unapajua?" jamaa akajibu bila hata kupepesa macho.

"Pale? Nimeshapanda mara mbili."

Hajawahi kupanda hata mara moja. Mlima alioupanda maishani ni ngazi za ghorofa analofanyia kazi.

Uongo wa dada ulikuwa wa siku nyingi zaidi. Dada ana pumu tangu utotoni. Pampu yake, ile ya bluu, inakaa kwenye kipochi cha vipodozi katikati ya poda na wanja. Miaka yote hiyo jamaa hajawahi kuiona. Akibanwa kifua anaaga anaenda chooni, anavuta mara mbili, anatulia kidogo, anarudi anatabasamu.

Na sio kwamba alipenda kuficha. Mwaka wa kwanza wa uchumba alikwenda Mbagala kusaidia shughuli nyumbani kwa kina jamaa. Wako jikoni na mama mkwe mtarajiwa, wanakata vitunguu, stori za hapa na pale, mama akamgusia jirani yao mmoja: "Yule kijana kaoa hospitali. Mwanamke kila wiki yuko kwa daktari. Mimi mwanangu simtakii hayo kabisa." Mama wa watu hakujua anaongea mbele ya nani. Dada akaendelea kukata. Na kwa vile vilikuwa vitunguu, hakuna aliyeuliza macho yake yana nini.

Basi wakaenda Moro hivyo, Jumamosi moja ya mwezi wa 7. Wawili, na vitu vitatu vya siri: pete, pampu, na ile "mara mbili".

Walifika asubuhi nzuri tu. Kosa likaanzia kwenye kula. Wakachukua gesti, wakaoga, wakaagiza chipsi kuku, jamaa akaomba zichomwe vizuri, wakapiga picha na chipsi. Mpaka bodaboda inawashusha pale lami inapoishia na mlima unapoanza, ilikuwa saa 8 mchana. Pawabenki ilibaki gesti kwenye soketi. Fundi simu kabisa huyo.

Chini pale kijana mmoja mwenyeji aliwafuata, akajitolea kuwaongoza kwa hela ya kawaida tu. Dada alikuwa tayari kutoa. Jamaa akamvuta pembeni: "Ya nini? Si nimekwambia napajua?" Ukweli ni kwamba hakutaka mtu wa tatu awepo wakati wa pete. Ukweli mwingine ni kwamba pete ilikuwa imekula akiba yote.

Kwa wasiopajua, njia ya kwenda Morningside, ile nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani iliyoko kati ya mji na vilele, sio ngumu. Inapanda, inapinda, inapita kwenye mashamba ya Waluguru, migomba, maharage, mboga, vijito vya maji baridi. Maji yale ndiyo yanayokwenda kuingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowaogesha watu wa Dar. Shida iko juu ya pale. Kuna vinjia kibao. Kila familia ina kinjia cha kwenda shambani kwake, kila shamba lina kinjia cha kwenda mtoni, na vyote vinafanana. Mchana unaona mtu unamuuliza. Usiku unamuuliza nani?

Morningside walifika saa 10:15. Dada akadhani ndio mwisho, akaketi kwenye majani akavua raba. Jamaa akaangalia mji, akaona hauonekani kama kwenye video.

"Tupande kidogo tu. Pale juu pazuri zaidi."

Wakapanda. Dada kifua kilishaanza kumwambia kitu, lakini akajikaza. Njiani wakapishana na wamama wanashuka na majembe, na vitoto vimebeba kuni. Mmoja akawaambia, "Mbona mnapanda, jua linashuka?" Jamaa akacheka: "Tunarudi sasa hivi, mama."

Wakafika kwenye jiwe moja kubwa. Hapo mji ulionekana wote. Jamaa akarekodi, akarekodi tena, chaji ikashuka mpaka asilimia 14. Simu ya dada ilishazima tangu Morningside. Sasa kilichobaki ni jua liguse ukingo, apige goti. Na hapo hapo, kama limetumwa, wingu likaja likakaa mbele ya jua.

"Tusubiri dakika 5."

Zikaja 5 nyingine. Dada akauliza mara tatu kwamba wanasubiri nini, jamaa akasema anataka picha moja tu. Mwezi wa 7 Morogoro jua linazama kabla ya saa 12:30. Na huku kwetu karibu na Ikweta halichukui muda kuaga. Likishazama, baada ya kama dakika 20 na kidogo ni giza la kweli, na ukiwa chini ya miti giza linakuwahi kabla ya hapo. Saa 12:20 jamaa akakata tamaa, pete ikabaki mfukoni. "Twende, tutakuja tena."

Walishuka haraka, karibu wanakimbia. Njia ilipogawanyika mara ya kwanza, jamaa akaenda kushoto. Dada akauliza, "Una uhakika?" Jamaa akasema, "Bebi, mara mbili nimepita hapa."

Baada ya nusu saa Morningside haijatokea. Baada ya dakika 40 wakasikia maji, na wakati wa kupanda hawakusikia maji upande ule. Tochi ya simu inamulika hatua mbili tu mbele. Kinachotia uchungu zaidi, taa za Morogoro zilikuwa pale chini zinaonekana kabisa. Unaona barabara, unaona magari yanapishana, unaona mpaka taa nyekundu za minara. Ni kama ukinyoosha mkono utashika. Ila njia ya kufika hamna, kuna migomba, kuna mteremko, halafu kuna weusi.

"Tufuate mto," jamaa akasema. "Maji yanashuka mjini, sisi tutashindwaje?"

Wakafuata maji. Mawe yana utelezi, miti imeinama. Hatua ya kumi na ngapi sijui, mguu wa jamaa ukaenda, akashuka kwa makalio kama mita 3, goti likapiga jiwe, simu ikaruka. Dada alipiga kelele jina lake. Simu ikakutwa kwenye majani, nzima, asilimia 6.

Hapo dada akagoma. "Mimi mtoni siendi tena. Hata kama ni kulala hapa tulale."

"Ukae hapa kwenye baridi?"

"Nikae."

Baridi ilikuwepo kweli. Mlimani kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, na wingu lililoficha jua sasa lilikuwa limeshuka, limewafunika wao wenyewe. Taa za mji zikapotea moja moja kama mtu anapita anazima. Fulana zao zilikuwa za pamba na zimelowa jasho la kupandia, na nguo iliyolowa usiku inakupoza. Jamaa akavua jaketi akamvika mwenzake. Hiyo alifanya bila kufikiri, na ni kitu cha maana kuliko vyote alivyofanya siku ile.

Dada akaingiza mikono mifukoni. Mkono wa kulia ukagusa kikasha kidogo, kigumu, chenye kona nne na kitambaa laini juu.

Hakusema kitu.

Kifua sasa kilikuwa kimebana. Baridi, kukimbia, hofu, vyote pamoja. Akageuka upande, akafungua mkoba kwa kupapasa, akatoa pampu kwenye kipochi, akavuta. Pssst. Akashikilia pumzi. Akasubiri kidogo. Pssst.

"Nini hiyo?" sauti ya jamaa gizani.

"Pafyumu."

"Unajipulizia pafyumu sasa hivi?"

"Kwa ajili ya mbu."

Jamaa akanyamaza. Goti linamuuma, hana jaketi, asilimia 6, mchumba wake anajipulizia pafyumu mlimani usiku. Dada akamwambia apige 112, namba ya dharura ya polisi, haina gharama. Jamaa akasita. "Tuwaambie tuko wapi? Watatuona wajinga." Dada akamjibu, "Kwani sisi ni nini?" Akapiga. Mtandao ukakata kabla haijaita. Akajaribu tena, simu ikazima.

Sasa ikawa giza lenyewe. Hamna mwezi. Mtu anayekaa Dar hajui giza, kule daima kuna taa ya jirani, kuna gari, kuna televisheni ya mtu. Hili unaweka mkono mbele ya uso, mkono huuoni. Wakakaa wamegusana mabega. Jamaa akaanza kusema samahani, dada akamwambia, "Nyamaza kidogo."

Alikuwa ananusa. Pua ya dada ni kengele. Moshi wa kuni ukiwa mbali, wengine hawana habari, yeye kifua kimeshajua. Na sasa kilimwambia: kuna moto.

"Nasikia harufu ya moshi. Kulia, juu kidogo."

"Mbona mimi sisikii?"

"Nakwambia kuna moshi. Nishike mkono."

Wakapanda kuelekea kulia, wanatambaa zaidi ya kutembea, dada mbele, jamaa nyuma anachechemea. Hatua, wanasimama, ananusa. Wakipoteza harufu wanarudi nyuma kidogo. Robo saa nzima hivyo. Halafu mbwa akabweka, na wakaona mwanga kwenye ufa wa mlango.

"Hodi!" jamaa akaita. Kimya. "Hodi wenyewe!"

Sauti ya kizee ikatoka ndani. "Nani saa hizi?"

"Sisi wageni, tumepotea."

"Wageni wa nani?"

Jamaa akakosa jibu. Hawakuwa wageni wa mtu. Hakuna aliyeambiwa wanakwenda wapi, wala gesti, wala Dar, maana yote ilikuwa siri ya pete. Wangelala kule siku mbili ndio mtu angeanza kuuliza.

Dada akasogea. "Shikamoo bibi."

Zikapita sekunde kama tatu.

"Marahaba." Komeo likalia. Mtu akishakuitikia marahaba, hawezi tena kukuacha nje.

Alikuwa bibi mfupi, sweta ya kiume juu ya kanga, taa ndogo ya sola mkononi. Akawamulika mmoja mmoja kuanzia juu mpaka chini, akaona goti la jamaa, akatikisa kichwa. "Karibuni motoni, mnatetemeka."

Jiko lilikuwa kibanda cha pembeni, mafiga matatu, moshi umejaa mpaka darini. Jamaa akaingia mbio, akachuchumaa, akanyoosha mikono. Dada akabaki mlangoni.

"Ingia, mwanangu."

"Hapa panatosha, bibi."

"Panatosha nini na mwili wote unacheza?" Bibi akamwangalia. "Au moshi wetu unakutia kinyaa?"

Hilo ndilo lililomvunja. Unaweza kumwambia mchumba wako pampu ni pafyumu. Lakini mama wa watu amekufungulia mlango usiku, anakukaribisha motoni kwake, halafu umwache aamini unamdharau? Dada akashindwa.

"Hapana bibi. Nina pumu. Moshi unanibana."

Jamaa akainua kichwa. "Una nini?"

Bibi ndiye aliyemjibu. "Kasema ana pumu. Masikio yako hayafanyi kazi?"

Bibi hakushangaa, hakuuliza mengi. Akamtoa dada pale mlangoni, akampeleka nyumba kubwa, akamkalisha mbali na moshi, akamfunika blanketi, akaleta chai ya mchaichai na viazi vitamu vya moto. Kisha akarudi jikoni kwa jamaa na maji ya vuguvugu ya kuoshea goti.

"Na wewe, huku umewahi kufika?"

Milango ilikuwa wazi. Jamaa alijua anasikika. Alinyamaza, akatazama moto.

"Hapana bibi. Leo ndio mara ya kwanza."

Kutoka nyumba kubwa ikaja sauti. "Mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Kimya kikawa kirefu. Bibi akawaangalia kwa zamu, mmoja jikoni, mmoja barazani, akacheka kicheko cha puani. "Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Nyie mbona yenu imewatembeza mpaka kwangu?"

Kisha akauliza kama wameoana. Wakasema bado. "Basi wewe utalala na mimi kitandani. Huyu mkeka wake huu hapa." Habari ikaishia hapo.

Usiku ule dada alilala na jaketi mwilini, mkono mfukoni, kikasha ndani ya kiganja. Bibi anakoroma. Upande wa pili wa ukuta jamaa anajigeuza kwenye mkeka, na kila akijigeuza dada anamsikia. Miaka mitatu amekuwa akienda chooni kuvuta pumzi. Leo pampu ilikuwa juu ya stuli, karibu na taa, mtu yeyote anaiona.

Saa 10 alfajiri bibi akawaamsha. Ana mkungu wa ndizi na kapu la maharage mabichi ya kupeleka sokoni, na soko halimsubiri mtu. Kulikuwa bado giza tupu. Bibi akaweka mzigo kichwani, akavaa yeboyebo zake, akaanza kushuka bila taa. Jamaa, kwa aibu, akaomba abebe mkungu. Hatua chache akajikwaa, ndizi zikayumba.

"Lete, kijana. Zitafika zimekuwa uji."

Bibi alikuwa anaongea huku anatembea, wala hahemi. Akawaambia mto walioufuata unakwenda kudondoka kwenye maporomoko, mbele kidogo ya pale jamaa alipoteleza. "Maji yanajua kuruka. Wewe unajua?" Jamaa hakujibu. Akawaonyesha njia panda walipokata kushoto badala ya kulia. Akasema kila mwaka wanakuja watu wa mjini, na wote kosa lao ni lile lile. "Ukiona wenye mashamba wanarudi, na wewe rudi. Sisi hatuna saa, lakini tunarudi kwa sababu."

Kwa wale mnaopanga kwenda, chukueni hiyo ya bibi muiweke kichwani. Na nyingine za kuongezea: anza asubuhi, sio baada ya chipsi. Pangeni mapema saa ya kugeuza na ikifika mgeuze, hata kama picha bado. Kila mtu na tochi yake, maana simu ni simu, sio tochi. Mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Mlipe mwenyeji akuongoze, na ukitaka kuendelea mpaka vileleni, msitu wa juu ni hifadhi, fuata kibali kwanza. Ukipotea gizani, simama, kaeni pamoja, piga 112 wakati chaji bado ipo. Na mwenye pumu aseme ana pumu, pampu ikae mfuko wa karibu, mwenzake ajue ilipo na inatumikaje.

Sokoni wakataka kumpa bibi hela. Akakataa. Dada akasema basi wanunue ndizi. Bibi akataja bei, na haikupungua hata shilingi. "Bei ya wote." Wakapanda treni na mkungu mzima.

Ndani ya treni walikaa kimya mpaka mji ukaisha dirishani. Dada akavua jaketi, akalikunja, akamwekea mapajani.

"Kuna kitu chako humo."

Jamaa akapapasa mfuko. Rangi ikamtoka. "Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponivika."

"Na hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Jamaa akafungua mdomo, dada akamzuia. "Usiniulize leo. Nenda kwanza kamwambie mama yako nina pumu. Akishajua, ndio uje uniulize."

Akamsimulia habari ya vitunguu. Yote, neno kwa neno. Jamaa alisikiliza mpaka Dar.

Mbagala alikwenda jioni ile ile, anachechemea, mkungu begani. Mama akapokea ndizi, akauliza goti limefanya nini, akasimuliwa. Kwanza alifoka. Mtoto wa watu unamlaza mlimani! Wazazi wake ungewaambia nini? Jamaa akaacha afoke mpaka amalize.

"Mama, ana pumu."

"Na unajua ana pumu unampeleka kwenye baridi?"

"Nilikuwa sijui. Aliogopa kuniambia."

"Alikuogopa wewe?"

"Hapana. Alikuogopa wewe, mama."

Mama alikuwa anakata ndizi moja moja kutoka kwenye mkungu. Kisu kikasimama. Jamaa akataja siku ile ya shughuli, jikoni, jirani, "kaoa hospitali". Mama hakukataa, hakujitetea. Alikaa muda mrefu akiangalia ndizi kama anazihesabu. Kisha akaomba simu.

Dada aliona namba ya mama mkwe, moyo ukampasuka. Akapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje na kifua?"

Dada hakuweza kujibu mara moja.

"Jumapili ijayo njoo," mama akasema. "Hizi ndizi tutazipika pamoja. Nimeshamwambia kijana anijazie mtungi, tutapika kwenye gesi. Mkaa na moshi wake tutauacha."

Pete ilivalishwa mwezi wa 9, sebuleni Mbagala. Hakukuwa na mlima, hakukuwa na jua linalozama, umeme ulikuwa umekatika. Jamaa alipiga goti, lile lile lenye kovu, shemeji wakammulikia na tochi za simu. Ya kwake ilikuwa na chaji asilimia 100.

Haya wadau, kati ya "mara mbili" ya jamaa na "pafyumu" ya dada, uongo upi ulikuwa mzito zaidi? Tiririka hapo chini.